Kufuli Kwenye Kioo

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo, kwa wenye televisheni na kwa wanaochungulia za jirani, kwamba siku ya Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi, Kamati Kuu ya Kuchagua Huduma ya Televisheni ya Kidijitali ilikaa kikao chake cha tatu na cha mwisho. Kamati ilikuwa na mjumbe mmoja. Alikuwa amepiga magoti sakafuni na pini nne mdomoni, anakunja pindo la sketi ya mteja, na hakuweza kutoa hoja yoyote bila kujichoma ulimi.

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa karakana, kilikuwa sebule, na tangu mwaka uliopita kilikuwa pia chumba cha mgonjwa. Upande wa dirishani zilikaa cherehani mbili. Upande wa pili kilikaa kitanda cha Babu, baba yake mzazi. Katikati yao, juu ya kabati la vitambaa, televisheni ilikuwa imefunikwa kipande cha bitana, imetulia kama marehemu mwenye heshima zake.

Mambo yalikuwa hivi. Babu alikuwa refa. Alichezesha mpira miaka ishirini na sita, akatukanwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kubadilisha uamuzi hata mmoja. Kisha kiharusi kikampiga. Kikachukua mkono wa kulia, kikachukua mguu, kikaondoka na maneno yote. Maneno yalirudi mahali pamoja tu, mbele ya mpira. Refa wa kwenye televisheni akiboronga, Babu alikuwa anajiinua kwenye mto na kutamka, wazi kabisa, "Rafu," au "Ameotea," na siku moja sentensi nzima iliyomhusu mama mzazi wa mshika kibendera, ambayo mke wa Fundi aliomba isirudiwe mbele ya wateja. Nesi wa mazoezi alifurahi sana. Aliwaagiza kwamba chochote kinachomtoa mzee neno, wasimnyime.

Halafu mitambo ya zamani ya kurushia matangazo ikazimwa nchi nzima. Kila mwenye antena ya zamani akabaki anatazama chengachenga. Wiki tatu zikapita, na katika wiki hizo tatu Babu hakusema hata neno moja. Ijumaa Nesi alikuja, akamkunja vidole, akamshikia kioo amwonyeshe mdomo, akasubiri. Wakati wa kuondoka alimvuta Fundi mlangoni.

"Wiki tatu ni nyingi," alisema. "Zikiwa miezi mitatu, mimi siwaahidi kitu."

Ndiyo maana ile kamati ilikuwa na jasho.

Fundi hakuwa mtu wa kukurupuka. Sheria ya mezani kwake ilikuwa kupima mara tatu na kukata mara moja, kwa sababu kitambaa kikishakatwa hakiombwi msamaha. Kwa siku saba alizunguka mtaani na utepe wa kupimia shingoni, akiingia nyumba za watu kana kwamba anakwenda kuchukua vipimo vya sare, kumbe anapima televisheni zao. Wenye nyumba walimsifia picha. Yeye hakutaka sifa za picha. Nguo huangaliwa kwa ndani, kwenye mishono, na swali lake lilikuwa lile lile kila mlango: ukishindwa kulipa, kinabaki nini? Majibu aliyaandika katika daftari la vipimo, kati ya kiuno cha mtu mmoja na bega la mwingine, hata mteja mmoja karibu ashonewe suruali yenye chaneli kumi na nane.

Mwishowe vilibaki viwili. Kwanza dishi. Wakala wake alivaa suti nzuri, lakini nembo ya kiwandani bado ilikuwa imeshonewa mkononi, na Fundi alipomuuliza swali lake, wakala alikohoa, akakiri kwamba mwezi ukiisha bila malipo, kioo chote kinakuwa cheusi. Cha pili kilikuwa king'amuzi cha antena. Unakinunua mara moja, na chaneli za bure zinabaki hata ukiwa huna kitu, ikiwemo ile ya michezo inayoonyesha ligi. Tatizo la hiki lilikuwa muuzaji wake. Shati lake lilikuwa la mistari, na mistari ya mfuko haikukutana na mistari ya shati.

"Mtu haoni mfuko wake umekaa upande," Fundi alinung'unika, alipokwisha kutema pini. "Ataonaje chaneli?"

"Baba watoto, unanunua king'amuzi, hununui shati," mkewe alimjibu. "Mchagua nazi hupata koroma. Na baba yako hapa anakusubiri umalize kuchagua."

Babu alikuwa anatazama dari. Fundi alimwangalia kwa muda, akavaa viatu, akatoka. Saa sita alirudi na boksi kwapani, na risiti ameikunja mara nne ndani ya daftari. Akiba yote ilikuwa imekwenda humo. Hapakuwa na kitambaa cha kukata mara ya pili.

Kazi ya kufunga ilichukuliwa na binti yao wa pekee, aliyekuwa nyumbani kwa likizo kutoka shule ya bweni, ambako alijifunza fizikia kidogo na maneno makubwa mengi. Alisoma kitabu cha maelekezo kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Alitangaza kwamba wasiohusika waondoke eneo la tukio, wataalamu wafanye kazi. Wazazi wake wakatoka uani. Babu alibaki, kwa kuwa hakuwa na jinsi ya kuondoka eneo la tukio.

Baada ya nusu saa wakaitwa. Televisheni ilikuwa inang'aa. Chaneli ya kwanza ilikuwa na kwaya, ya pili mapishi, ya tatu katuni, ya nne marudio ya kikao cha bunge. Fundi alikuwa anatabasamu, jambo ambalo uso wake ulikuwa umeanza kulisahau.

"Nenda ya michezo," alisema.

Binti akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Katikati yake kikatokea kichoro cha kufuli, na chini ya kufuli, visanduku vinne vitupu.

"Hii nini?"

"Kufuli, Baba."

"Sikusoma bweni, lakini kufuli nalijua. Linataka nini?"

Binti alichelewa kidogo kujibu. "Labda linataka kulipiwa."

Fundi alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye kurasa zake za siku saba, nyumba kwa nyumba. Alimpigia muuzaji simu, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Alirudi akasimama mbele ya lile kufuli, mikono imening'inia, kama mtu aliyekata koti la harusi kwa vipimo vya mtu mwingine.

"Mistari haikukutana," alisema polepole. "Niliiona, na bado nikatoa hela."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba. Ofisi ya wakala wa dishi ilikuwa inafunga saa tisa. Mpira ulikuwa unaanza saa kumi. Fundi aliinua macho, akayapeleka dirishani, na mkewe akajua yametua wapi kabla hajageuka kutazama.

Cherehani ya pili ilikuwa nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, rangi ya dhahabu imefutika mahali mkono unapopita. Babu aliinunua kwa malipo ya fainali yake ya mwisho, akambebea mwanawe wa miaka kumi na sita aliyefeli kila kitu isipokuwa kushona. Fundi mwingine wa mtaani, aliyeitwa Mkasi Butu kwa sababu zilizoonekana kwenye suruali za wateja wake, alikuwa ameimezea mate miaka mingi.

Mkewe alisimama mlangoni. Alimwambia maneno mengi kwa sauti ndogo: kwamba sare za shule zinakuja, kwamba mashine moja haitatosha, kwamba dishi litataka tena mwezi ujao na mwezi wa baadaye, naye atauza nini, kitanda? Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Cherehani haisemi," alijibu. "Baba alikuwa anasema."

Akampita. Binti alimkimbilia hadi kwenye geti.

"Baba, kwani..."

"Si sasa, mwanangu."

Alikwenda mbio, utepe unampigapiga kifuani. Saa nane kasorobo alirudi na Mkasi Butu, nyuma yao mkokoteni mtupu ukigongagonga mawe. Chumba kilikuwa kama alivyokiacha. Mke alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Binti alikuwa juu ya kigoda kando ya kabati, ameirudisha televisheni kwenye bunge, sauti chini. Spika alikuwa anagonga meza na wabunge hawamsikilizi.

Mkasi Butu hakuwa na haraka. Alizungusha gurudumu, akainamisha sikio. Alifungua kibati cha chini, akagusa bobini ya uzi, akanusa mafuta. Kisha akaomba kitambaa cha kujaribia. Fundi aliokota chini kipande chekundu, baki la sketi ya asubuhi, akakiweka mwenyewe chini ya sindano, kwa maana hakutaka mkono wa mwingine uanze. Mkasi Butu akakanyaga. Mshono mweupe ulikimbia juu ya wekundu, umenyooka kama mstari wa uwanjani. Akakata uzi kwa meno, akakitupa kipande kitandani, akaanza kuhesabu noti juu ya meza.

"Bei yako ni ile ile?" aliuliza.

"Hesabu tu," Fundi alisema. Alikuwa ameupa mgongo mkokoteni.

"Rafu."

Noti zikasimama hewani. Hakuna aliyegeuka mara moja, kama watu walioitwa kwa jina ambalo hawakulisikia muda mrefu. Babu alikuwa amejiinua kwenye mto. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulikuwa juu kabisa, umenyooka, na kwenye ncha za vidole ulishika kile kipande chekundu.

Fundi alipiga magoti pale pale. "Baba. Rudia, Baba."

Mdomo wa mzee ulihangaika, ukapinda, ukajipanga. "Kadi," alisema. Kisha, kwa sauti iliyowahi kunyamazisha viwanja, "Toka."

Mke wa Fundi alikuwa analia na kucheka kwa mpigo. Alionyesha televisheni, pale Spika alipokuwa bado anagonga meza. "Anamfukuza Spika," alisema. "Jamani, anamfukuza Spika."

Mkasi Butu alikuwa na maoni tofauti. Ujana wake wote alikuwa beki, na Babu alimtoa nje mara tatu. Alikusanya noti zake bila ubishi, akaaga kwa adabu, akasukuma mkokoteni mtupu hadi barabarani, na hakuulizia tena ile cherehani. Fundi alikaa chini, mgongo kwenye mguu wa mashine yake, akarudia mara kadhaa kwamba bunge ni la bure, halina kufuli, wala halina mwezi. Alichukua daftari akaliandika hilo kwa chaki, kwa kuwa hakuiona kalamu.

Hadithi hii ilipangwa iishie hapa, watu wote wamefurahi na bunge limepata mtazamaji wake wa kwanza. Ila kuna jambo ambalo msimuliaji amelikalia tangu saa sita na nusu, sawasawa na alivyoikalia rimoti.

Babu hakuwa anamtazama Spika. Wala Mkasi Butu. Mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea kigodani, kwa binti, na binti huyo ni mimi.

Ile nusu saa ya wataalamu, baada ya kupata chaneli zote, niliona kwenye kitabu cha maelekezo kwamba chaneli yoyote inaweza kufungwa kwa namba ya siri. Nikaifunga ya michezo. Namba niliyoweka ni moja, moja, moja, moja. Nilikuwa nimepanga Baba aniandikie barua ya maombi, nakala mbili, kwa Waziri wa Rimoti, nami niifikirie. Bwenini mzaha wa namna hiyo huchukua dakika tano na kuisha kwa kurushiwa mto kichwani. Sikujua kwamba uso wa mtu mzima unaweza kushuka haraka vile. Nilipotaka kusema, alikuwa getini. Aliporudi, alikuwa na mnunuzi, na nikagundua kwamba maneno yangu makubwa yote hayakuwa na lile moja dogo nililolihitaji. Babu alikuwa kitandani muda wote ule. Aliona kila kidole changu kilipobonyeza.

Saa kumi kasoro dakika tano niliziingiza zile moja nne, nikatangaza kwamba kufuli limejifungua lenyewe. Baba aliamini. Anaamini mpaka leo, isipokuwa kama anasoma hapa, na Baba husoma kila kitu mara tatu.

Timu zilipoingia uwanjani nilijaribu kuketi chini, karibu na kitanda. Babu aligusa tu kile kitambaa chekundu juu ya goti lake. Nikainuka, nikatoka, nikakaa kwenye kizingiti cha nje. Mama aliniuliza kwa nini siingii, nikamwambia naona vizuri nilipo.

Dakika tisini nilikaa pale, uso barabarani. Nyuma yangu cherehani nyeusi ilikuwa inakanyagwa, ikisimama, ikikanyagwa tena, na kila iliposimama nilisikia sauti ya Babu ikitoa neno moja, kisha lingine, na Baba akimjibu.