Watalii wa Kiwanda cha Mkate

Mjukuu wangu Maurine alishinda safari kwa sababu alinyimwa likizo. Nitaeleza polepole, maana hata mimi nilipoelezwa mara ya kwanza niliomba nirudiwe.

Maurine anafanya kazi katika kiwanda cha mkate pale Amalemba, mjini Kakamega. Anakanda, anapanga kwenye tanuri, anafunga. Kutoka huko hadi kwangu Buyangu, hapa ukingoni mwa msitu, si mbali. Mtu akipanda pikipiki asubuhi anakuta chai bado ina moto. Lakini mwaka ulikuwa unaelekea kuisha na mimi namsikia kwenye simu tu, kama mtu aliye ng'ambo.

Na alikuwa amepata mchumba, Bravin, kijana wa Lugari, kwa watu wa mashamba ya mahindi. Watu wake wakaja kutuona. Sasa kwetu kuna jambo moja halirukwi. Msichana mwenyewe huitwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, akaulizwa, "Unawajua hawa watu?" Akisema anawajua, mazungumzo yanafunguliwa. Asipokuwepo wa kuulizwa, wageni wanakunywa chai, wanasifu ng'ombe, wanauliza kama huku mvua imenyesha, halafu wanarudi kwao. Watu wa Bravin walikuja wakasifu ng'ombe. Wakaja tena, wakamsifu ng'ombe yuleyule. Mara zote mbili Maurine aliomba ruhusa ya Jumamosi moja tu, na meneja wake, Bwana Lusweti, akamwambia kwamba Kakamega nzima haiwezi kukosa mkate kwa sababu ya posa.

Mara ile ya pili, mzee Makhanu, baba mkubwa wa Bravin ambaye ndiye msemaji wao, alivaa kofia yake akaniambia, "Mama, tutakuja tena mara moja tu. Tukikosa msichana, tutajua tumejibiwa." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitia hofu. Mtu anayefoka bado anakutaka.

Tukapanga Jumamosi. Haikupita wiki Maurine akanipigia simu analia.

"Kukhu, nimeshinda."

"Umeshinda nini, mama?"

"Safari. Kampuni imenilipia."

"Na unalia?"

"Ni hiyo Jumamosi."

Ndipo nikaelezwa, na nikarudiwa. Bwana Lusweti alikuwa ameitwa Nairobi kwenye semina ya mameneja, katika hoteli yenye mazulia, akarudi na mafundisho. Aliwakusanya wafanyakazi karibu na magunia ya unga akawaambia kwamba dunia imegundua siri. Mfanyakazi akisafirishwa na kampuni anarudi na moyo mpya. Haugui Jumatatu. Hatafuti kazi kwingine. Hata unga wa kiwanda anaacha kuubeba nyumbani. Faida inaumuka yenyewe, kazi ya meneja ni kufunika tu na kitambaa. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa upande wa tanuri akauliza kama moyo mpya hauwezi kupatikana kwa kupewa likizo mtu aende kwao. Bwana Lusweti akamjibu kwamba likizo ni hasara, safari ni uwekezaji, na yule mama asichanganye mambo.

Washindi wangekuwa wale ambao hawakukosa kazi hata siku moja. Maurine akaongoza wote. Angekosaje, na kila akiomba ruhusa anakatazwa?

Mwanzoni safari ilikuwa ya Mombasa, tena kwa ndege. Wasichana wakanunua kofia pana za jua. Baada ya siku kadhaa ikawa ya Mombasa kwa basi. Halafu ikawa ya Kisumu, kuangalia ziwa na kurudi. Mwishowe Bwana Lusweti akatangaza kwamba wataalamu wanasema kinachomfurahisha mfanyakazi si mahali bali ni mshangao, kwa hiyo mahali hapatatajwa tena.

"Kataa," nilimwambia Maurine.

"Haikataliwangi, Kukhu. Amesema mwenye hatakuja ataandikiwa barua ya onyo. Picha lazima ziende Nairobi, na kila mshindi aonekane akicheka."

Nimepewa zawadi kadhaa maishani mwangu, nyingine mbaya sana, lakini sijawahi kupewa yenye onyo ndani. Nilimwambia aache kulia, Mungu hajalala. Nilisema hivyo kwa sababu sikuwa na lingine la kusema.

Siku mbili tatu baadaye akapita Lazarus. Lazarus ni kijana wa jirani, kazi yake ni kuwatembeza wageni msituni, kuwaonyesha mbega, na ndege ambao sisi tuliwala tukiwa wadogo. Nilikuwa napepeta maharagwe.

"Kukhu, Jumamosi niko na wageni. Kampuni ya mjini. Watatembea msituni kidogo, halafu wanataka kula kwa boma, waone maisha ya asili."

"Maisha ya asili ndiyo gani?"

"Ni yako."

"Wanatoka kampuni gani?"

"Hiyo ya mkate, ya Amalemba. Lakini usiseme, wenyewe hawajaambiwa wanaletwa wapi."

Niliweka ungo chini. Maharagwe mengine yalimwagika na sikuyaokota.

"Walete hapa kwangu," nikamwambia.

"Si Jumamosi uko na wakwe?"

"Sufuria zitakuwa motoni. Ingokho zitakuwa zimechinjwa. Walete wakati wa chakula, wasichelewe."

Lazarus alinitazama, akatazama msitu, akaanza kucheka kwa mabega. "Nimwambie Maurine?"

"Umwambie nini? Si ni mshangao?"

Sikumwambia Maurine kwa sababu furaha ya yule mtoto haifichiki. Angeingia kazini akiimba, Bwana Lusweti angeuliza kuna nini, na basi lingegeuzwa likaelekea Kisumu.

Jumamosi wakwe wakafika mapema. Tukawapa chai na viazi vitamu. Mzee Makhanu akamsifu ng'ombe kwa maneno machache kuliko zamani, kisha akageuza kiti chake kielekee barabara. Bravin alikaa mwisho wa benchi, hata kikombe hakukigusa. Shemeji yangu Osiako, ndugu wa marehemu mume wangu na ndiye aliyekuwa amekaa kama baba wa msichana, akanifuata jikoni.

"Msichana ako wapi?"

"Anakuja."

"Anakuja na nini?"

"Na kampuni."

Osiako alirudi kwenye kiti chake akiwa mtu aliyeelewa nusu, na nusu ile haikumpendeza.

Basi dogo la kukodi likaja likitimua vumbi, limefungwa kitambaa kilichoandikwa SAFARI HUJENGA TIJA. Wakateremka watu wa mkate, wote katika fulana za manjano zenye picha ya mkate kifuani. Kofia za Mombasa walikuwa wamezivaa. Wengine viatu vilikuwa na matope ya msituni, na mmoja alikuwa akimwambia mwenzake, "Nimelelewa Shinyalu, nimeokota kuni msitu huu miaka yote, leo nimeonyeshwa mti." Lazarus akasimama mbele yao akabadilisha sauti.

"Karibuni katika boma la asili. Huyu ni nyanya mwenyeji. Na hili hapa ni jiwe ambalo wenyeji hutumia kusaga wimbi."

Maurine alikuwa wa mwisho kuteremka, macho mekundu, anatazama chini. Mbwa wetu alimtambua kabla ya mtu yeyote. Maurine akainua uso.

"Hilo jiwe," akasema polepole, "lilinipondanga kidole nikiwa darasa la tatu."

Halafu akanirukia. Tulishikana pale penye jiwe, analia na mimi nalia, na Bwana Lusweti, mtu mnene mwenye miwani ya jua, akaruka huku na huku akipiga kelele.

"Piga picha! Piga picha! Oneni anavyochangamka na wenyeji! Hii ndiyo inaitwanga motisha!"

Tukawakaribisha wakae. Kwa kuwa viti vya upande wa wakwe vilikuwa vimejaa, wale wa manjano wakakaa upande wetu, na Bwana Lusweti, kwa ajili ya unene na miwani, akapewa kiti katikati ya baba za msichana. Alikaa akitabasamu. Alidhani ni sehemu ya mchezo wa watalii.

Nikadhani kazi yangu imeisha. Nikafunga leso vizuri, nikangoja Maurine aulizwe. Lakini mzee Makhanu alisimama na kofia mkononi.

"Kabla ya kumuuliza msichana, mimi nina swali. Amekuja na nani?"

"Na kampuni," akasema Osiako.

"Kampuni ni nani?"

Bwana Lusweti akainua kifua. "Hapa, mimi ndiye kampuni."

"Wewe ndiye umemlipia safari?"

"Mimi."

"Hiyo nguo umemnunulia wewe?"

"Mimi."

"Na zile mara mbili tulizokuja tukamkosa, nani alimzuia?"

"Mimi pia, mzee. Kwa sababu ya uzalishaji."

Mzee Makhanu akatikisa kichwa polepole.

"Kwetu Lugari, mwanamume akizuia msichana asionane na wachumba, halafu akamvisha, akampandisha gari, akamleta kwao na watu wa kushuhudia, huyo tunajua anatafuta nini. Kama mmekwisha kupokea posa ya mwingine, mngetuambia tu. Hatungemaliza chai yenu."

Mimi mwenyewe ndiye niliyelileta lile basi. Bravin alikuwa amesimama, anamtazama Maurine, na Maurine anamtazama meneja kama anayemwona mara ya kwanza.

"Wazee, hapana!" Bwana Lusweti alivua miwani. "Hii ni motisha!"

"Motisha ndiye nani? Bibi wa kwanza?"

"Bibi niko naye! Ako nyumbani Amalemba!"

"Hatujasema huna. Tunauliza kama unaongeza."

Wanawake wa jikoni wakaangua kicheko, na mimi peke yangu sikucheka. Bwana Lusweti akanyoosha mkono kwa wafanyakazi wake. "Lakini hawa wote nimewavisha! Wote nimewalipia!"

Mzee Makhanu akapitisha macho kwenye fulana za manjano, mstari mzima, pamoja na fundi wa tanuri mwenye ndevu.

"Wote?"

"Wote!"

"Basi wewe uko na uwezo," mzee akasema, na hakuonekana kutania.

Ndipo Osiako akakohoa. "Jambo hili lina njia yake. Mtu asiyekuwa na haja na msichana husema hivyo mbele ya watu, na humwachilia. Bwana, sema: sina haja naye, namwachilia kwa wazee wake."

"Sina haja naye," akasema Bwana Lusweti haraka. Halafu akakwama. "Lakini kumwachilia... Jumatatu ako zamu ya asubuhi."

"Basi haja unayo," akasema mzee Makhanu, akavaa kofia. Watu wake wakaanza kuinuka.

Maurine akasimama katikati ya boma katika ile fulana yake.

"Bosi, sema tu. Ama utanioa."

Wale wa manjano walicheka hadi benchi moja likaanguka. Bwana Lusweti alitazama kofia ya mzee, akatazama kijana mwenye kamera, ambaye alikuwa bado anapiga picha za kwenda Nairobi. Nadhani alimkumbuka pia bibi yake wa Amalemba.

"Namwachilia," akasema. "Kwa wazee wake."

"Sema likizo," sauti ya mwanamke ikatoka nyuma kwenye fulana za manjano.

"Likizo," akasema, kama anayeng'olewa jino. "Mpaka mambo yake yaishe."

Mzee Makhanu akavua kofia, akaketi. Osiako akamgeukia Maurine. "Mama, unawajua hawa watu?"

"Nawajua," akasema Maurine, na Bravin akakiokota kikombe chake, akanywa chai iliyokwisha poa.

Bwana Lusweti alitaka kwenda kupumua kwenye basi, lakini Osiako alimvuta mkono. Ameshakaa upande wa baba za msichana, haondoki kabla ya kula. Basi akala, na alipokwisha kushiba obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, akaanza kutusaidia kuzungumza. Nasema kweli, hatukuwa na msemaji bora kuliko yeye. Aliwaambia wakwe kwamba msichana huyu hana mfano, hachelewi, haugui, mkate wake haujawahi kuungua, na kwamba kiwanda kizima kinamtegemea.

"Na mbona hujampandisha cheo?" mzee Makhanu akauliza.

Bwana Lusweti akaomba chumvi.

Jioni ilipokaribia wakapanda basi. Kiti cha mshindi, kile cha mbele kilichofungwa utepe, kilikuwa kitupu, na kijana wa kamera akalalamika kwamba Nairobi watauliza. Kwetu mgeni hatoki mikono mitupu. Nikashika jogoo wangu mwekundu, nikamfunga miguu, nikamweka pale kwenye utepe. Wakapiga picha ya mwisho.

Maurine ananiambia picha hiyo sasa imetundikwa ofisini. Nairobi waliandika kupongeza tawi la Kakamega kwa safari iliyojenga moyo wa wafanyakazi kwa gharama ndogo ajabu, na Bwana Lusweti aliitwa kwenye ile hoteli ya mazulia awafundishe wenzake. Kuhusu jogoo hakuna aliyeuliza.

Juzi, wakati tunapanga mambo ya harusi, Lazarus akapita tena. Kuna kampuni nyingine inataka kuleta wafanyakazi waone maisha ya asili. Nikamwambia aje nao, nafasi ipo, ila kwanza anitafutie jibu la jambo moja tu: ni msichana wa nani huko ndani aliyenyimwa likizo, ili niwaambie watu wake waje siku hiyo.