Vidonge Viwili vya Asubuhi

Kidonge kimoja kilimtuliza mama magoti. Viwili vilimsimamisha jikoni akawapikia wajukuu. Ndiyo maana binti yake, mpiga pasi wa hotelini, alimpa viwili kila alfajiri, mwezi wa pili sasa, mara nyingi tumbo likiwa tupu, huku yeye mwenyewe mguu mmoja ndani, mmoja nje. Msimamizi wake alishamwambia, "Ukichelewa tena, usihangaike kuvaa sare. Rudi kwenu."

Daktari wa kwanza alikuwa ameandika kimoja, baada ya kula, kwa wiki mbili, kisha arudi aangaliwe. Kurudi kulikuwa siku nzima ya foleni. Muuza dawa wa mtaani hakuuliza cheti.

"Tumbo linaniwaka," mama alisema Jumatatu.

"Chai ya moto hiyo, mama. Meza, mwenzio nachelewa."

Mama akameza.

Alhamisi binti aliitwa getini, mashuka hata nusu hayajaisha. Jirani alikuwa anahema: mama katapika damu.

Wodini walimkuta daktari wa zamu, mwanamke wa makamo, akimfungia mama dripu.

"Choo kilikuwa na rangi gani, bibi?"

"Cheusi. Kama lami. Wiki nzima."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Huyu ana kazi."

Binti aliinamisha macho, akaona vidole vya mama vilivyopinda juu ya shuka lisilopigwa pasi.

"Dawa hizi zinapoza uvimbe wa viungo," daktari alisema, akigeuza pakiti ya vidonge aliyoileta jirani, "lakini zikizidi, tumbo la mzee linachubuka, linavuja. Nani alikuwa anampa?"

"Nilijinunulia," mama akawahi.

Mama, ambaye tangu mvua zilizopita hakuwahi kufika hata barabarani! Daktari akaanza kuandika.

"Usiandike hivyo," binti alisema. "Ni mimi. Viwili viwili. Ili mimi niwahi kazini."

Kalamu ilisimama. Daktari hakugomba, ingekuwa afadhali angegomba.

"Wewe ni wa tatu wiki hii, dada," alisema. "Vidonge hivyo basi. Apone tumbo kwanza. Magoti yana kliniki yake, kuna mazoezi na dawa nyingine. Mlete mwenyewe, kila Jumanne, saa mbili asubuhi."

"Nitamleta," binti alijibu upesi.

Alijua anadanganya. Mama naye alijua, maana aliutafuta mkono wake, akaushika, akasema, "Haya, mwanangu, nenda. Mashuka yanakungoja."