Kadi ya Mwezi ya Mwalimu Abdiel

Mwalimu Abdiel alifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na kustaafu hakukumponya. Kibasi kipya cha Ngaramtoni hadi Kaloleni mjini kilipoanza kuuza kadi za mwezi kwa shilingi elfu thelathini, alisimama kituoni akiwapigia majirani hesabu bila kuombwa. Kwenda elfu moja, kurudi elfu moja. Usipozidisha siku kumi na tano kwa mwezi, kadi haina faida yoyote.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema Evelyn, muuza kadi. "Jamani, unanifukuzia wateja."

"Marahaba. Nawaokoa."

Wiki moja baadaye alikuwa jikoni kwake na karatasi, akitafuta siku zake mwenyewe. Benki, siku moja. Miwani, siku mbili, maana mafundi hawaaminiki. Dawa ya mbuzi ilipatikana hapo hapo Ngaramtoni, tena kwa bei nafuu, lakini aliiandikia siku tatu za mjini. Kwa kuokoteza vijisafari vingine alifika siku tisa, akakwama.

Ukweli ni kwamba Kaloleni kulikuwa na Silantoi, mtoto wa miezi miwili wa binti yake Jackline. Alikuwa amempakata mara moja tu, dakika kumi, na tangu hapo mzee wa watu alikosa raha. Lakini baba mzima ataonekanaje akishinda kwa mkwe wake kila siku, akingoja chai? Godbless, mkwe mwenyewe, angenyamaza kwa heshima. Majirani wasingenyamaza. Akiwa na kadi angalau angekuwa na la kusema: nimeshalipia, nisipopanda ni hasara.

Mkewe Nashipae, aliyekuwa akimenya ndizi, alichungulia karatasi.

"Baba Jackline, dawa ya mbuzi siku tatu? Mbuzi wenyewe wawili!"

"Mambo yameongezeka."

Nashipae alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Sema tu unamtaka mtoto."

Mwalimu alitaka kubisha, kisha akaikunja karatasi. "Namtaka," alisema. "Namkumbuka mpaka najionea aibu."

"Sasa si ungesema? Bibi akienda kumwogesha mjukuu, nani atashangaa? Nitakwenda mimi kila siku, isipokuwa Jumapili. Wewe unanisindikiza. Na utaniachaje nirudi peke yangu? Itabidi uningoje humo humo ndani."

"Na mtoto utampa nani akulindie ukichemsha maji?"

"Nitampa nani zaidi yako? Haya, vaa koti."

Kituoni, Evelyn alipomwona alijiandaa kwa ugomvi. Mwalimu alimwekea elfu sitini mezani, akachukua kadi mbili, akapanda bila kuangalia nyuma. Majirani walibaki wameduwaa. Nashipae alikaa kando yake na beseni jipya mapajani, na gari likaondoka.

"Enhe, Mwalimu," alimuuliza walipofika katikati ya safari. "Kwa kadi hizi tutaokoa shilingi ngapi?"

"Sijui," alisema Mwalimu Abdiel, na akamwomba dereva aongeze mwendo kidogo.