Ufunguo wa Aliye Ndani

Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, manyunyu yalikuwa yakigonga bati la chumba cha maboila na upepo ukiurudisha moshi ndani. Nilisimama juu ya ngazi ya chuma, nimeinamia tundu la boila la kwanza, na ndani ya boila hilo alikuwamo mtu aliyeapa mbele ya wafanyakazi wenzetu kwamba atanilipa.

Tulimwita Tindo, kwa kuwa tindo, ile patasi ya chuma, ndiyo iliyokuwa kazi yake: aliingia ndani ya boila lililopoa akabandua ukoko mweupe ambao maji huuacha juu ya mabomba. Mimi nilikuwa fundi mkuu wa kiwanda hicho cha kufulia mashuka ya hospitali. Mbele yangu waliniita Fundi Mkuu. Nikiwapa kisogo, Kengele. Sikuliona jina hilo kuwa tusi. Nililelewa katika shule ya bweni ya misheni, ambako kengele ndiyo iliyotutoa kitandani, ikatupeleka kanisani, na ikatufunza kwamba mwanamume hufika kwa wakati na husema kweli. Najivunia malezi hayo hadi leo.

Deni alilonidai lilikuwa hili. Mdogo wake, mchocheaji wa zamu, alilala kazini hadi maji yakakauka ndani ya boila, bomba likapasuka, na mama mmoja wa chumba cha pasi akaungua mikono yote miwili. Mahakamani niliulizwa niliona nini. Nikasema nilichokiona. Kijana akafungwa miaka minne, na jioni hiyo kaka mtu alinisubiri langoni.

"Umemla mdogo wangu, Fundi," alisema, wenzetu wakisikia. "Hilo ni deni, na mimi silali na deni la mtu. Nitakulipa."

Tangu siku hiyo niliishi kwa woga. Nilizikuta nati za ngazi yangu zimelegezwa. Nilikikuta kikombe changu kimepakwa grisi. Asubuhi moja nililikuta neno NITAKULIPA limeandikwa kwa kidole juu ya masizi ya mlango wa tanuri, kwa herufi nzuri, za mtu asiye na haraka. Niliacha kunywa chai ya pamoja. Nilijifunza kuzitambua hatua zake, na zilipokoma nyuma yangu, jasho lilinitoka hata kwenye baridi.

"Baba watoto, omba uhamisho," mke wangu aliniambia. "Kiburi chako kitatuletea jeneza humu ndani."

"Nikikimbia, watasema nilidanganya."

"Basi mwombee."

"Namwombea kila asubuhi."

"Nakusikia. Unamwombea kama mwalimu anayeita majina darasani. Yupo? Yupo. Haya, anayefuata."

Tumeamriwa kuwapenda wanaotuchukia, nami niliitii amri hiyo kama nilivyozitii amri zote za bwenini: kwa wakati, na bila moyo.

Maboila yetu mawili yalisimama bega kwa bega, yakaunganishwa na bomba moja la mvuke. Moja likisafishwa, jingine huendelea na kazi, na katikati ipo vali ya kuzuia mvuke, yenye gurudumu kubwa. Kanuni niliiweka mwenyewe. Vali hufungwa, gurudumu hupigwa mnyororo na kufuli, na ufunguo, ambao ni mmoja tu, huingia mfukoni mwa yule anayesafisha. Aliye ndani ndiye mwenye ufunguo, ili asiwepo mtu wa kumfungulia mvuke, kwa kusahau au kwa kusudi. Juu ya tundu husimama mlinzi, naye haondoki. Asubuhi hiyo mlinzi wetu alikuwa na homa, na sikuwa na mtu wa kumweka ila mimi.

"Leo nalindwa na Kengele mwenyewe," Tindo alisema akivaa glavu. Aliubusu ufunguo mbele ya macho yangu, akaudumbukiza mfukoni. "Haya, Mheshimiwa. Jaribu bahati yako."

Alikuwa amegonga kwa muda mrefu niliposikia mluzi mwembamba. Nilidhani ni upepo. Kisha joto likanipiga usoni kutoka ndani ya tundu, na vinyweleo vikanisimama. Vali ilikuwa inavuja.

"Tindo! Toka!"

"Siwezi! Kiatu kimenaswa kati ya mabomba!"

"Nirushie ufunguo! Niufungue mnyororo, niikaze vali!"

Kugonga kulikoma.

"Nikurushie ufunguo, wewe?"

"Vali inavuja!"

"Naisikia. Na nani kaifanya ivuje?"

"Tindo, kwa jina la Mungu..."

"Mungu wako mwache kanisani. Ukiupata ufunguo utanipika humu kama yai." Alikohoa. "Mimi ningekuwa huko juu, ningekupika."

Kulizima boila la pili kusingemsaidia, kwa kuwa mvuke uliokwisha kujaa ndani yake hauishi upesi. Mnyororo nao niliuchagua mimi, chuma kigumu, makusudi usikatike kwa msumeno. Mtu mmoja tu angeweza kumwokoa Tindo, naye ni mtu ambaye Tindo asingemwamini hata angeapa hadi sauti imkauke. Huko juu, kila neno langu lilikuwa neno la muuaji.

Ningependa kuandika kwamba upendo ulinijaa. Kilichonijaa ni hofu. Lakini niliona wazi kwamba angeniamini mahali pamoja tu. Nikavua koti, nikaingia.

Ndani palikuwa na giza na joto la kukaba koo. Nilitambaa kwa tumbo juu ya mabomba, matone ya moto yakiniangukia kisogoni. Tochi yake ilinimulika machoni, na pembeni mwa mwanga niliiona tindo imeinuliwa.

"Unataka nini?"

"Mguu wako."

"Rudi huko! Utaungua, mjinga wewe!"

"Basi tutaungua wawili. Lete mguu."

Tindo ilibaki juu. Niliingiza kisu kwenye kamba za kiatu huku nikingoja pigo la kichwa, na kisu kikateleza, kikamkata ngozi. Hakulia wala hakupiga. Kamba ya mwisho ilipokatika, mguu ukachomoka bila kiatu, naye akaishusha tindo polepole, kama mtu aliyesahau aliiinulia nini.

Tulitambaa hadi chini ya tundu. Mtu hutoka hapo kwa kuvutwa na mlinzi, na leo mlinzi alikuwa ndani. Nikainama. Alinikanyaga begani kwa mguu wake mtupu, akajivuta, akapita katikati ya mvuke uliokuwa ukijikusanya kwenye tundu, na nikamsikia akiguna kwa maumivu. Nilipoinua mikono nimfuate, nikairudisha mara moja. Pale juu palikuwa pamekwisha kuwa moto.

Hapo ndipo nilipolikumbuka jambo ambalo hofu ilikuwa imenisahaulisha. Kichwa chake kiliziba mwanga. Mkono wake ulikuwa mfukoni.

"Ufunguo ninao mimi, Kengele," alisema taratibu.

"Najua."

"Hujauomba."

"Nikikaa nao humu, nani ataikaza vali? Nenda."

Kichwa kikaondoka. Nikasikia mnyororo ukianguka sakafuni. Nikasikia gurudumu likikwaruza. Halafu mluzi, badala ya kufa, ukageuka ngurumo.

Alikuwa anafungua.

"Lala chini!" ilikuja sauti yake. "Lala chini, nakwambia!"

Sauti ya aliyeapa kunilipa ndiyo iliyokuwa ikiniamuru, na sikuwa na nyingine. Nikalala, uso juu ya chuma, na moto ukapita juu ya mgongo wangu. Sala zote za bwenini zilinitoka kichwani. Nilibaki na maneno machache, nayo niliyapigia kelele bila kuyapanga: Bwana, usimhesabie hili. Ilikuwa mara ya kwanza kumwombea mtu yule nikiwa ninamaanisha.

Ngurumo ikakatika. Matone yakadondoka, moja moja. Kisha mikono miwili ikashuka kwenye tundu, ikanishika kwapani, ikanivuta.

Tuliketi mlangoni, manyunyu yakitupoza. Sikio langu la kushoto lilikuwa limebabuka, na shingo yake vilevile.

"Ulifungua," nilisema.

"Kidogo. Kipande cha ukoko kilikuwa kimekwama ndani ya vali. Ningekaza mpaka kesho isingeziba. Lazima mvuke ukisukume kwanza. Wewe fundi mkuu, hulijui hilo?"

"Nalijua."

"Mbona basi ulipiga kelele?"

"Nilikuwa naomba."

"Kwa sauti ile? Hata viziwi wamesikia."

Alicheka kidogo, akaacha. Aliutazama ufunguo uliokuwa kiganjani mwake.

"Mdogo wangu bado yumo gerezani."

"Najua."

"Ukiulizwa tena?"

"Nitasema yaleyale."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo, na sikuona chuki yake ikiyeyuka. Niliiona tu imechoka.

"Hilo lako la mahakamani sijalisamehe," alisema. "Lakini la leo ni deni langu, na silali na deni. Kesho nitaingia kumalizia kazi, nikitoe na kiatu changu. Nitaingia bila ufunguo. Utakaa nao wewe huku juu. Hayo ndiyo malipo yangu."

Akauweka mkononi mwangu. Ulikuwa bado na joto.

"Sikukukopesha kitu," nikamwambia. "Aliye ndani ndiye mwenye ufunguo."

Nikaurudisha mfukoni mwake, nikakifunga kifungo.