Kahawa Ndani ya Tangi

Wewe umewahi kumwona mwanao akichapwa kwa kosa lako, nawe ukaendelea kuchambua kahawa? Mimi nimewahi. Mikono yangu haikusimama. Nzuri huku, mbovu kule, nzuri huku, mbovu kule, mpaka fimbo ikakatika.

Mwanangu huyo ni Lwitiko. Wakati ule alikuwa darasa la nne hapa Iyula. Leo ana mvi kidevuni na anaendesha lori, kila wiki yuko kwenye foleni ya Tunduma akisubiri kuvuka kwenda Zambia. Mwezi wa sita lori lilikufa injini, tajiri wake akamwambia apumzike mpaka vifaa vifike. Akaja kwangu na begi moja na boksi la spana. Alipomaliza chai akaenda kwenye kibanda cha nyuma, akahamisha magunia, akamwondoa kuku aliyekuwa anaatamia, akaikokota pikipiki ya marehemu baba yake mpaka uani.

"Mama, hii niliiharibu mimi," akasema. "Acha niifufue mimi."

"Sawa, baba," nikamjibu, nikaingia jikoni kuangalia maharage ambayo hayakuhitaji kuangaliwa.

Ni Honda nyekundu ya zamani. Mume wangu, Yonathani, aliinunua kwa bwana shamba aliyekuwa anahama, na kijijini hapakuwa na nyingine. Alibeba mbolea, alimbeba mchungaji, alibeba ngoma ya kwaya imefungwa kwa mpira. Mimi alinipita njiani Jumapili nikiwa na mtoto mgongoni, akapiga honi, akasema, "Tangulia, mama Lwitiko, tutaonana kanisani." Sasa hapo anayetangulia ni nani? Nyuma yake alikaa Ferista, mwalimu wa kwaya, kwa sababu kwaya haianzi bila mwalimu. Hapakuwa na ubaya wowote kati yao, hilo niliseme wazi. Lakini wanawake wa kisimani walinitania: "Mwenzetu, mumeo ana pikipiki, wewe una vumbi lake." Nilicheka nao. Sikumwambia Yonathani hata siku moja kwamba na mimi nataka. Niliona mke anayeomba kupakiwa ni kama mtoto anayelilia andazi la mwenzake.

Kisha mdogo wangu Tumpale akaolewa Vwawa. Yonathani akasema atampeleka Ferista kwanza, halafu atanirudia. Nikakaa kwenye benchi la nje na gauni la bluu na viatu vipya, kwapani mkoba. Mvua ikanyesha, njia ikaharibika. Nilivua viatu jua lilipozama. Tumpale alifungishwa ndoa mimi sipo.

Kesho yake pikipiki ilikuwa imesimama karibu na kichanja cha kahawa. Mkononi nilikuwa na kahawa kavu, yenye ganda lake. Nikafungua kifuniko cha tangi, nikatia gao moja, kiganja kimejaa. Nikaongeza la pili. Sikukifunga vizuri kile kifuniko.

Maganda yaliziba njia ya petroli. Yonathani alipiga kiki asubuhi nzima mpaka shati likaloa. Akaona kifuniko kimelegea, akakumbuka kwamba Lwitiko alikuwa amepanda juu ya pikipiki akilia bruu bruu kwa mdomo. Basi. Hayo ya fimbo nimekwisha kuyasema. Mwaka ule kahawa ilianguka bei, fundi hakuitwa, na Yonathani akatembea kwa miguu mpaka alipofariki. Mgeni akija, alimwonyesha mtoto kwa kidole: "Huyu ndiye mkata miguu yangu." Wageni walicheka. Lwitiko alicheka pia, akiangalia chini.

Sasa ndiyo huyo, mtu mzima, amechuchumaa uani kwangu akiwa na msasa. Hela za kuchezea hakuwa nazo. Kabureta aliipata Tunduma kwa wauza vyuma, imekwisha kutumika. Tairi la nyuma alivuka mpaka kulifuata Nakonde. Cheni aliiloweka siku mbili kwenye mafuta ya taa, ndani ya sufuria yangu iliyong'oka mpini. Madigadi iliyoliwa na kutu aliiziba kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia. Mimi nilimshonea kava la siti kwa leza iliyobaki kwenye kochi. Siti yenyewe ni ndefu, ya watu wawili. Nilipofika sehemu ya nyuma, sindano ilinichoma mara mbili.

Kila alipolisogelea tangi, nilimwita kula.

"Tangi hilo limeoza," nikamwambia. "Tafuta jingine, baba."

"Mama, tangi ndiyo pikipiki yenyewe. Herufi za jina la baba hizi hapa."

Kutu ya ndani hutolewa hivi: unatia kokoto ndogo na maji ya ndimu, unaziba, unatikisa kama mtu anayesuka maziwa. Akatikisa mpaka jasho likamtoka, kisha akamwaga kwenye beseni. Maji yalikuwa ya kahawia. Akapitisha vidole kwenye kokoto, akaokota kitu cheusi. Akaokota kingine. Vilikuwa saba. Mtoto wa Iyula haulizi punje ya kahawa ni kitu gani.

"Panya," akasema. "Panya waliweka akiba humu."

Alinipa mlango, nami ningeweza kupita.

"Panya hafungui kifuniko," nikasema. "Ni mimi, Lwitiko."

Hakupaza sauti. Alichukua sabuni akanawa mikono, akasuuza, akanawa tena, vidole vyote kimoja kimoja.

"Siku ile ya fimbo nilikuwa nakuangalia wewe," akasema. "Sikuwa namwangalia baba."

Akaondoka kwenda Tunduma bila kula. Nilikaa siku nne na lile beseni uani, sikuthubutu kulimwaga. Jirani yangu Violet aliuliza kwa nini mbu wanazidi, nikamwambia maji yale ni dawa ya kuku. Bado nilikuwa nadanganya, kwa umri huu.

Siku ya tano akarudi na kipande cha mpira wa petroli na plagi mpya. Alinisalimia, "Shikamoo, mama," kama unavyomsalimia mtu ofisini. Akafunga tangi, akafunga siti, akapiga kiki. Ya tisa ikashika. Moshi ulijaa uani na kuku wakakimbilia kwa Violet.

Watu wakaja. Ferista naye alikuja na fimbo yake, mgongo umepinda, meno mawili tu yamebaki mbele. Akaizunguka pikipiki akicheka.

"Imefufuka? Haya, Lwitiko, nipakie. Nifike hata pale kwenye mashine ya kusaga."

Akasema hivyo tu, kama mtu anayeomba chumvi. Lwitiko akamshika mkono, akampandisha, wakaenda polepole na kurudi, mtandio wa Ferista ukipepea. Miaka yote ile nilijiuliza alikuwa na nini hasa yule mwanamke. Kumbe alikuwa anaomba.

Aliposhuka, Lwitiko hakuzima injini. Alinigeukia, akaongea juu ya mlio wake, na watu wote pale wakasikia.

"Mama Ferista ameomba, amepata. Wewe sijakusikia ukiomba kitu maisha yangu yote. Niambie, mama. Kahawa uliweka kwa nini?"

Nilitazama chini, kwenye miguu yangu. Nilikuwa pekupeku, na vumbi la pikipiki lilikuwa limenifika magotini. Ferista aliacha kucheka.

"Nilitaka anipakie," nikasema. "Hata mpaka kanisani tu. Nilitaka na mimi anipakie."