Mtandao Uliokufa Saa ya Chakula

Waithira wa kanisani aliniambia kwa simu, na hilo neno likakataa kunitoka kichwani: "Mama Ciku, huko Mwihoko wanasema msichana wako akienda kula, anawazimia watu mtandao makusudi."

Kesho yake nikatoka nyumbani Ngoingwa mpaka huko Mwihoko, upande wa Ruiru, kwa saiba yake, chumba anachokodishia watu kompyuta na mtandao. Hata sikumsalimia.

"Ciku, mbona unaniaibisha?"

"Ai, Mami! Hata wewe?"

Mzee Gachau, mwenye ploti ambayo Ciku amepanga chumba, alikuwa mlangoni. "Nimempa mpaka Ijumaa," akaniambia. "Wateja wakikimbia, kodi sipati. Mtandao usipotulia, hiki chumba naweka kuku."

Na mtoto wangu hana kazi nyingine.

Nikakaa kwa kona nikimchunga kama mwizi. Saa saba wateja wakaenda kula. Ciku nilimkataza kutoka. Ile mashine inayogawia zingine mtandao haikuguswa na mtu. Wateja wakarudi, mtandao hakuna.

"Na hukuigusa," nikasema pole pole. "Imekufa ikiwa imeachwa kimya."

Ciku akaruka. "Mami, rudia hiyo! Mimi nikirudi huwa nawasha upya tu!"

Akafungua mashine, akasoma, mwishowe akanieleza. Kadi ya mtandao iliyo ndani ilitoka kiwandani na kasoro: isipotumiwa inalala, na ikilala haiamki. Draiva, ile programu inayoiendesha, ina ujanja wa kuzikataza kadi kama hizo kulala. Lakini inazijua kwa namba, na namba zilizoandikwa ni za kadi za zamani. Yake ni mpya, ugonjwa ni uleule. Akaongeza namba moja tu, ya kadi yake, akaitengeneza draiva upya.

Ijumaa saa saba Gachau akaketi mbele ya kompyuta mwenyewe. "Mtu asiguse kitu!" Saa nzima. Mimi naomba kimoyomoyo. Saa nane akabonyeza, na ukurasa ukafunguka kabla hajatoa kidole.

"Haiya! Inakimbia!"

"Na kuku je, mzee?" Ciku akamuuliza.

"Kuku watalala nje!"

Nikapiga ngemi, vile vigelegele vyetu, mpaka watu wa hoteli ya jirani wakatoka kuangalia. Na wale wanaoitunza hiyo draiva, huko ng'ambo, Ciku aliwatumia marekebisho yake na wameyakubali. Jina lake liko pale, limeandikwa.

Wazazi wenzangu, muepuke haya:

Kuamini simu kabla ya kumuuliza mtoto.

Kumgombeza mbele ya wateja.

Kuwasha mashine upya kila siku bila kuuliza huwa inakufa saa ngapi.

Kumchunga mtu kama mwizi kwa sababu ya kitu kilichoharibika.