Sala ya Ndugu Jabez

Kwa siku tatu Rufus alikuwa akijifunza maneno machache tu. Aliyarudia akipasua mawe katika machimbo ya Maweni, kisiwani Manda, vumbi jeupe likimwingia mdomoni: "Wamuyu, mamako hakufa kwa malaria. Ni mimi." Mtoto wa chekechea angeyakariri kabla ya uji kupoa. Yeye, kila alipofika kwenye lile "ni mimi," maneno yalimkwama akaanza upya.

Alikuwa amefungwa miaka kumi. Alimpiga mkewe siku aliyokuwa amelewa, mke akaanguka, kichwa kikagonga kizingiti, na hakuinuka tena. Wamuyu alikuwa na miaka minne. Nyanya yake kule Hindi, upande wa bara, mama wa marehemu, alimchukua akamlea, akamwambia mama alikufa kwa malaria na baba yuko mbali kikazi. Rufus alipoachiliwa alimpigia simu mama huyo kwa mwaka mzima, naye akawa hapokei. Alipopokea hakupoteza maneno.

"Atakuja Jumapili moja. Mimi nilidanganya ili alale usingizi, lakini ukweli sitausema. Uliyefanya ndiwe utakayesema, tena siku hiyohiyo. Akishasikia, aamue mwenyewe kama ana baba."

Hata hiyo simu alipewa na Ushirika wa Wanaume, wakata mawe wa kanisa la mabati pale Maweni, ambao nusu yao walikuwa wamewahi kula ugali wa serikali. Siku aliyotoka walimngoja langoni mwa gereza na suruali, ndala na shoka la kukatia mawe. Hawakumchunguza. Kiongozi wao, Ndugu Jabez, alimgawia nusu ya chumba chake na nusu ya sufuria yake. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyempenda Rufus, basi ni Jabez, na hapo ndipo kisa hiki kinapouma.

Jabez na wenzake walikuwa na desturi waliyotoka nayo gerezani. Mle ndani, walipoombeana, kila mmoja alilitaja kosa la mwenzake waziwazi mbele ya Mungu: huyu aliiba, huyu alichoma nyumba, huyu aliua. Dhambi iliyotajwa, walisema, haina meno. Hakuna aliyenuna, kwa sababu kila mtu mle alikuwa na yake.

Jumamosi jioni Rufus alimwambia, "Ndugu Jabez, kesho nisiitwe mbele kutoa ushuhuda. Mtoto hajui. Nitamwambia mwenyewe tukishakula."

"Hakuna atakayekuita," alisema Jabez. "Una neno langu."

Asubuhi Wamuyu alishuka kwenye boti ya Bwana Kamaludin, mzee wa Amu, huko Lamu, aliyekuwa akivusha watu kutoka bara, gatini Mokowe. Msichana alikuwa mrefu, na paji la uso lilikuwa la mama yake kabisa. Rufus aliangalia chini.

"Huyu ndiye mwanao, Bwana Rufus? Mashallah!" alisema Kamaludin. "Ndia nzima swali ni moya: baba yuwapi, baba yuwapi."

Wamuyu aliona haya kusikia alivyouliza njia nzima, akacheka, akanyoosha mkono. "Shikamoo, baba."

Rufus aliushika mkono ule, asiuachie mpaka mzee akakohoa.

Kanisani waliketi benchi la pili, wakashika kitabu kimoja cha nyimbo. Wamuyu aliimba vizuri kuliko baba yake, akamkanyaga mguu kwa utani alipokosea ubeti. Nje kuku walikuwa motoni. Ndugu wa Ushirika walikuwa wamechinja watatu kwa ajili ya mgeni. Rufus aliona raha mpaka akaogopa.

Ndipo Jabez akachukua kipaza sauti. Kanisa la watu thelathini lina haja gani na kipaza sauti, Mungu ndiye ajuaye, lakini Jabez alikipenda. Akasema watu wafumbe macho, na yeye akayafumba ya kwake kwa nguvu zote.

"Baba, tunakushukuru kwa ndugu yetu Rufus! Ulimtoa gerezani, Bwana, yeye aliyemuua mkewe kwa mkono wake. Na mkono uleule leo umeshikwa na binti yake! Nani kama wewe, Bwana?"

"Amina!" waliitikia ndugu wote.

Rufus alifumbua macho. Ya Wamuyu yalikuwa wazi, yakimtazama. Msichana alikiweka kitabu cha nyimbo kwenye benchi, taratibu, akatoka.

Jabez alimkamata Rufus mlangoni. Alikuwa analia. "Sikukuita mbele, ndugu. Niliomba tu. Nilisahau kwamba kuna mtu mwingine anasikia. Ngoja nimkimbilie, nimwambie nilimtaja Rufus mwingine. Mungu atanisamehe."

Ingewezekana. Mtoto angetaka kuamini, na kuku walikuwa wameiva. Rufus alisimama pale mlangoni kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukumbuka baadaye.

"Hapana," alisema. "Ni zamu yangu."

Alimkuta ufukweni, amesimama kando ya boti.

"Alimwombea nani?" aliuliza Wamuyu.

"Wamuyu, mamako hakufa kwa malaria. Ni mimi." Safari hii maneno hayakumkwama.

Wamuyu hakulia. "Wote mle ndani walijua," alisema. "Wote walisema amina. Mimi tu ndiye sikujua."

"Nilitaka kukwambia baada ya chakula."

"Baada ya chakula," alirudia msichana, kisha akapanda boti, akaketi akiwapa mgongo Maweni na machimbo yake.

Kamaludin alikuwa anasinzia kwenye usukani. Aliamka akashangaa. "Mbona mapema, Bi mdogo? Umeshamuaga babako?"

"Nilikuja kumwona baba," alisema Wamuyu. "Sikumkuta."

Mzee alimtazama Rufus aliyesimama hatua tatu kutoka pale, akamtazama msichana, akaacha kuuliza. Maji yalikuwa yanatoka na boti ilikuwa imekwama.

"Mai yapwa, Bwana Rufus," alisema kwa sauti ya chini. "Boti imekaa mtangani. Nisukumie."

Rufus aliingia majini na viatu vyake vya Jumapili. Akaweka mikono yote miwili kwenye ubao, nyuma ya mgongo wa binti yake, akasukuma mpaka boti ikaondoka.